Siku Niliyofungua Nyuzi Zote

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Marehemu mke wangu, Mungu amweke pazuri, aliniuliza mara nyingi kwa nini nikishika banjo ili kubadilisha nyuzi ninakaa kwanza nikiutazama ukuta. Sikumwambia. Na wewe juzi, ulipokuja hapa kwangu mtaa wa Annexe na kuniomba nikuonyeshe namna ya kubadilisha nyuzi, nilikujibu rudi wiki ijayo, macho yananiuma. Macho hayakuwa yakiniuma. Ilikuwa haya. Mtu mzima anaweza kuficha upara kwa kofia, lakini haya haina kofia.

Kwa hiyo nakuandikia. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu, na mwalimu alisema maandishi yangu ni nyayo za kuku anayetafuta mchwa. Utanivumilia. Nitapotea njia mara mbili tatu, kisha nitarudi.

Banjo unayoiona ikining'inia juu ya kitanda changu haikutoka dukani. Kichwa chake ni bati lililogongwa na fundi mmoja Mwislamu wa kutoka Maniema, mtu mtaratibu aliyetengeneza mabeseni na mbabula, majiko ya makaa. Juu ya bati alivuta ngozi ya mbuzi. Shingo ni mti wa mulombwa, mwekundu kama nyama. Aliyeiagiza ni Papa Mwenze, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wangu. Sasa fundi yule alikuwa na binti anaitwa Feza, na siku Papa Mwenze alipokuja kuulizia banjo yake alimkuta binti anasugua sufuria huku anaimba. Alirudi mara tisa kuuliza kama banjo imeisha. Fundi alikuwa ameimaliza tangu mara ya pili, lakini na yeye alikuwa na macho, akanyamaza. Mwisho Papa Mwenze alitoka pale na vyote viwili, banjo na mke.

Wakaishi kartie ya Bel-Air, mtaa wa hapa Lubumbashi. Yeye alipiga, na Feza, ambaye sote tulimwita Mama Feza, aliimba, katika ndoa na katika matanga, na hakuna mtu wa kartie ile aliyezaliwa au kuzikwa bila wao wawili kupita. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeshupaa, nikienda kwao kila Jumamosi kujifunza.

Sasa sikiliza kitu cha kazi. Juu ya ngozi ya banjo kuna kipande kidogo cha mti kinachosimama na kubeba nyuzi zote nne mgongoni. Sisi tulikiita mupagazi. Hakina msumari, hakina gundi. Kinasimama kwa sababu nyuzi zinakikandamiza, basi. Na mahali kinaposimama ndipo penye siri yote. Ukikisogeza kidogo tu, hata unene wa ukucha, nyuzi zikipigwa wazi utasikia banjo inasema kweli. Lakini bana kidole shingoni, kwenye zile waya fupi zilizolala kama ngazi, hapo inaanza kusema uongo. Uongo kidogo, wa kuchacha, kama munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliolala siku moja zaidi.

Ndiyo maana Papa Mwenze alinifundisha kubadilisha nyuzi kwa sheria moja. Aliirudia hata kunichosha.

«Fungula moja, weka moja,» alikuwa akisema. «Ukifungula zote, mupagazi anaanguka. Na akiisha kuanguka, nani atakuonyesha fasi yake, pale alisimama?»

Nilimuuliza kwa nini asiandike alama kwa kalamu juu ya ngozi, tumalize maneno. Alicheka. Akasema ngozi ni kama mtu, wakati wa jua inavutika, wakati wa mvua inalegea. Alama ya leo kesho itakudanganya. Mimi nikajisemea moyoni kwamba wazee wanapenda kufanya jambo dogo liwe gumu ili sisi tuwaheshimu. Ujana, mwanangu. Mwenye meno yote hudhani mfupa ni wa kudharau.

Papa Mwenze alikufa kwa ugonjwa wa kifua, mwanzoni mwa mvua. Siku hiyo hiyo Mama Feza aliigeuza banjo pale ilipotundikwa, ikatazama ukuta. Ilikuwa desturi ya nyumba ile: chombo cha marehemu hakiwatazami watu mpaka matanga yatolewe. Akavaa kitambaa cheusi, akakaa.

Ilipobaki wiki moja ya kutoa matanga, aliniita. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, na mapajani ana kitenge kipya, cha rangi ya machungwa na kijani, kimekunjwa vizuri. Aliniambia mumewe alimtungia wimbo mmoja zamani, siku alipomtoa kwa baba yake, na kwamba siku ya matanga yeye mwenyewe atauimba mbele ya watu.

«Nitamusindikiza na ule wimbo,» alisema. «Nikimaliza kuimba, hapo njo nitatosha hii nguo nyeusi, niivue, nivae hii ingine. Weye utapiga. Nyuzi mbili zimekula kutu, badilisha zile mbili tu. Ingine uache, ziko na mukono ya papa yako Mwenze.»

Nikasema ndiyo mama. Nikaigeuza banjo, nikaenda nayo kwetu.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye matanga yale atakuja mfanyabiashara mmoja wa kutoka Kivu, mwenye makamiyo, malori makubwa, na kwamba anatafuta mpigaji kwa ndoa ya binti yake. Nilitaka anione. Nyuzi za Papa Mwenze zilikuwa za zamani, za kufumuliwa kutoka kamba ya freni ya kinga, yaani breki ya baiskeli, nyeusi, zimelala. Nikanunua nyuzi za dukani, nne, zinang'aa kama samaki. Nikafungua zote kwa mara moja. Mupagazi akaanguka, tik, juu ya ngozi. Hata sikuangalia alipoangukia. Na kwa sababu nilitaka banjo ipendeze, nilichukua kitambaa chenye maji nikaisugua ngozi, nikafuta vumbi lote, na pamoja na vumbi nikafuta vile vikovu viwili vidogo ambavyo miguu ya mupagazi ilivichimba kwa miaka. Ngozi ikawa nyeupe kama sahani. Nikamsimamisha mupagazi kwa macho, pale nilipoona panapendeza. Nikakaza, nikapiga nyuzi wazi. Zililia vizuri ajabu. Nikazungusha zile za zamani mkononi, nikazitupa kwenye takataka.

Jumapili ikafika. Lupango, yaani ua wa nyumba yao, lilijaa. Watu walikuwa wamekula bukari, ugali wa kwetu, na samaki, wazee wamekaa mbele, wanawake upande wa jiko, na Mama Feza katikati kwenye kiti, kitenge chake mapajani. Nikaanza. Mwanzo wa wimbo ule unapigwa na nyuzi wazi, kwa hiyo ulitoka safi, na nikaona yule tajiri wa Kivu anatikisa kichwa kwa kupendezwa. Nikavimba.

Mama Feza akaingia. Sauti yake, mwanangu, sijui nikuambie nini. Ilikuwa kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kisha vidole vyangu vikapanda shingoni, na banjo ikaanza kuchacha.

Niliisikia. Usidhani sikuisikia. Ubeti wa pili nilikuwa nimeshajua ni mupagazi. Yeye akapunguza sauti, akaipandisha, akaishusha, akaitafuta banjo kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu. Akasimama. Akasema tuanze tena. Tukaanza tena, na nyuzi wazi zikamkaribisha vizuri, kisha nikamtupa pale pale. Akashika koo kwa mkono.

Watu wakaanza kuguna. Marehemu alikuwa na mdogo wake, mtu wa maneno, ambaye hata kwenye maziko hawezi kuacha. Akasema kwa sauti, «Banjo inaenda Likasi, mama anaenda Kasumbalesa.» Njia za miji hiyo miwili hupeana mgongo; watu wakacheka, kicheko kile cha matanga cha kupunguza uzito. Kisha akanigeukia mimi. «We kijana, nani amepotea njia? Weye ao mama?»

Kila mtu alinitazama. Mfanyabiashara alinitazama. Mama Feza naye alinitazama, na macho yake hayakuwa ya hasira; alikuwa anauliza kweli, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika banjo, mimi ndiye ningejua.

Nikasema, «Banjo iko sawa, papa. Ni sauti ya mama njo imezeeka.»

Ni hivyo tu. Maneno machache, hata shairi hayafiki. Babemba wanasema kinywa ndicho kinachozaa kesi, na changu siku ile kilizaa mtoto aliyenizidi umri.

Mama Feza akainamisha kichwa polepole. «Ni kweli,» akasema. «Munisamehe, nimezeeka.» Wanawake wakamsogelea, wakamwambia pole, huzuni inakausha koo, umri ni umri. Yeye akainuka. Akarudi ndani na kile kitenge kimekunjwa vile vile. Alipotoka tena kuaga wageni alikuwa bado na ile nyeusi.

Baadaye aliniambia nibaki na banjo, maana kwake haina kazi tena. Nikaipokea. Ndiyo, mwanangu, nikaipokea kwa mikono miwili, nikainama na kushukuru. Na ndoa ya yule binti nilipiga, na zingine baada yake. Nilimsogeza mupagazi nikijaribu jaribu hata nikapata mahali panapovumilika, na kwa kuwa sikumpigia tena mtu mwenye masikio kama yale, hakuna aliyenikamata. Mama Feza alihamia mji wa Sakania, kwa binti yake. Sikwenda kumsindikiza kwenye treni. Nilijiambia nina kazi.

Miaka kumi na moja ilipita. Nilioa, nikajenga, nikapata jina. Siku moja sokoni nilikutana na mama mmoja muuza samaki wakavu, mtu wa Sakania, anayepanda na kushuka na bidhaa zake ndogo. Aliposikia mimi ni mtu wa banjo alinichekesha kidogo, kisha akasema kwao yuko bibi mmoja wa ajabu. Anabembeleza wajukuu bila kuimba. Anawapigapiga mgongoni tu, pa, pa, pa, kama anakanda unga, mpaka walale. Wakimwomba aimbe anasema sauti yake ilikufa siku ya matanga ya mumewe, watu wote walishuhudia.

Sikununua samaki. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mke wangu akadhani nimeibiwa.

Wiki ile ile nilipanda kamiyo ya mahindi kwenda Sakania, banjo imefungwa kwenye blanketi. Nilibeba na sukari na kitenge, kwa sababu mtu mwenye kosa hupenda kutanguliza mizigo. Nilimkuta jikoni, peke yake, anachagua maharagwe kwenye sinia. Binti yake alikuwa sokoni. Alikuwa amepungua, na bado alikuwa na nguo nyeusi. Alinifurahia. Hilo ndilo lililoniua. Aliniuliza watoto, akaniuliza mke, akaniuliza kama mvua imenyesha Lubumbashi.

Nikapiga magoti kwenye vumbi la jiko. Nikamweleza yote: nyuzi nne, kitambaa chenye maji, mupagazi. Nikamwambia sauti yake siku ile haikuwa na kosa hata kidogo.

Hakuacha kuchagua maharagwe. Alitoa moja bovu, akalitupa. Akatoa lingine. Kisha akaniuliza swali moja.

«Ulijua mbele ya kusema, ao kisha kusema?»

«Mbele, mama. Nilijua kwanza, kisha nikasema.»

Hapo mikono yake ikasimama. Nje kulikuwa na jogoo, nakumbuka, jogoo mjinga anayewika mchana. Alimsikiliza mpaka akamaliza.

«Siku ile sauti haikuzeeka, na weye ukasema imezeeka,» alisema. «Leo imezeeka kweli. Sasa ile miaka ya katikati, njo ilikuwa ya kuimba. Nani atanirudishia ile?»

Sukari yangu na kitenge changu vilikuwa pembeni ya mlango, na niliona haya hata kwa vile vitu.

Akasukuma sinia pembeni, akasema, «Leta ile kintu.» Nikafungua blanketi. Akaigusa ngozi, akagusa bati la baba yake. Akaimba hatua tatu tu, chini chini, nami nikabana kidole nikapiga. Akakunja uso. Akaniambia sukuma. Nikamsukuma mupagazi. Kidogo tena. Rudisha. Hapo. Alikuwa hatazami banjo, alitazama moto. Na nikasikia mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Papa Mwenze afe, banjo ile inasema kweli shingo nzima. Masikio ya mama yule yalikuwa yamemweka mupagazi mahali pake kwa pumzi tatu. Mwenye masikio yale ndiye niliyesema sauti yake imezeeka.

Lakini wimbo ulipoanza ulikuwa juu mno kwake. Akasimama, akashika koo, kama siku ile. Nikashusha macho.

«Shusha nyuzi,» alisema. Nikashusha. «Tena.» Nikalegeza tena, moja moja. «Shusha tena, mutoto yangu, usione haya. Hii njo fasi niko sasa.»

Akauimba wote. Sauti ilikuwa na mchanga ndani yake, ilikatika mara mbili, na kila neno lilikuwa mahali pake. Binti yake alirudi kutoka sokoni katikati ya wimbo, akaweka kikapu mlangoni, akauliza, «Mama, ni radio ya nani?» Kisha akaona, akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

Wimbo ulipoisha Mama Feza aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa amejifunga kile kitenge cha machungwa na kijani. Mikunjo yake ilikuwa imekuwa myeupe, mistari mirefu ya miaka kumi na moja. Nilichomletea mimi hakukigusa.

Nilidhani nimesamehewa, nikaanza kushukuru. Akaninyamazisha kwa mkono.

«Bongo, ule uongo, ulisema mu lupango, mbele ya bantu. Kweli umeniletea mu jiko,» alisema. «Ipeleke fasi ulipeleka ile ingine.»

Nikaahidi. Nikarudi Lubumbashi na ahadi yangu, na nikaanza kuitembeza kama mtu anayetembeza mbuzi asiyetaka kumuuza. Nilikutana na yule mdogo wa marehemu kwenye ndoa. Nikasema, si vizuri kuharibu furaha ya watu. Nilikutana naye tena kwenye matanga. Nikasema, si vizuri kuongeza huzuni. Naye akafa. Wale wanawake waliomwambia pole wakahama, wakazikwa, wakasahau. Mvua zilizofuata Mama Feza naye akafariki. Nilikwenda Sakania, nikapiga wimbo wake kwenye matanga yake, nyuzi zimeshushwa pale pale alipozishusha. Watu wakasema huyu bwana anapiga kwa moyo. Nilipiga, mwanangu. Sikusema.

Watu wa lupango lile tuliobaki hai ninaowajua ni watatu, na mimi ni mmoja. Ndiyo maana barua hii ni ndefu kuliko swali lako. Jumapili ukija, kabla hatujagusa banjo, tutakwenda Bel-Air wewe na mimi. Nyumba ya Papa Mwenze sasa wanakaa wajukuu wa yule mdogo wake, nimewatumia salamu, wanatungojea, nimewaomba waite na majirani. Utanisomea haya kwa sauti mbele yao, kwa sababu najijua: nikisimama mimi, nitatafuta tena maneno mafupi. Mimi nitakaa kwenye kiti katikati, mahali alipokaa yeye, na nitatazamwa.

Tukirudi nitakufundisha. Kazi yenyewe ni ndogo. Fungua uzi mmoja, weka uzi mmoja, kaza, sikiliza, kisha ndio uuendee wa pili. Usifute vumbi usilolijua. Ukikosea, na utakosea, sema pale pale kidole kikiwa bado juu ya kosa, maana kosa la mchana huo bado ni lako mwenyewe, lakini ukililaza usiku mmoja linaanza kula watu wengine. Usimpe mwingine uzee, ujinga wala udhaifu ambao si wake ili wewe ubaki kijana mzuri. Na kama umeshasema uongo, usipeleke ukweli wake jikoni, kwa mtu mmoja, mlango umefungwa. Upeleke mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, wangali hai.

Mungu akupe masikio ya Mama Feza na subira ya Papa Mwenze. Akupe ulimi usiokimbia kuliko vidole. Mupagazi wako asimame mahali pake, nyuzi zako zikatike katika nyumba za furaha tu, na siku utakapozeeka, awepo mtu atakayeshusha nyuzi mpaka zikukute ulipo.